Jina Nisiloweza Kulitamka

Siku niliyoolewa kuja Kiongoroni, bibi yangu alinikalisha mkekani akanipa jambo moja tu la kushika: jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mke wa mwanawe. Nimelishika miaka minane. Hapa nitaliandika, kwa kuwa kalamu haina mkwe.

Tulipopata mtoto wa kiume, mume wangu Hemedy alimpa jina la baba yake. Mzee alikuwa na wajukuu sita, wote wa kike, na hakuwa na somo hata mmoja wa kubeba jina lake. Siku ya akika alimpakata mtoto tangu asubuhi hadi pilau ikapoa.

Jina likapatikana, ila la kumwitia hatukuwa nalo. Mimi nilimwita Baba. Hemedy aliona haya kumwita mtoto kwa jina la mzazi wake, akamwita Mzee. Mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, alimwita Mume Wangu, na akimuudhi alimtishia talaka. Mtoto aliitika yote.

Mwaka huu, alipotimiza miaka mitano, tukampeleka darasa la awali. Mwalimu Zefania, mtu mpole kutoka Songea, akafungua daftari la mahudhurio. "Mwinyimvua Hemedy." Kimya. Siku tatu mfululizo mtoto alikaa benchi la mbele huku akiandikwa hayupo.

Mwalimu aliniita akauliza kama mtoto ana tatizo la masikio. Nikamweleza. Alicheka kidogo, kisha akanishauri tumbadilishe jina kabla orodha haijapelekwa wilayani Kibiti siku ya Ijumaa, tuchague ambalo hata mama yake anaweza kulitamka.

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilirudi nyumbani kwa miguu mizito. Nilijua baba mkwe angekubali bila neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamnong'oneza Bi Mwajabu jikoni. Jiko letu ni la makuti, halifichi siri. Nje, kisu cha baba mkwe kilichokuwa kikichonga kasia kikanyamaza.

Asubuhi alivaa kanzu yake ya Idi, akamshika mjukuu mkono, wakaenda shule. Nikawafuata kwa nyuma, nikasimama dirishani. Waliketi benchi moja, magoti ya mzee yakikaribia kidevu. Mwalimu akamwamkia, kisha akaanza kuita majina. Alipofika kwa Mwinyimvua Hemedy, mtoto akamnyooshea babu yake kidole.

"Huyu hapa."

Darasa zima likacheka. Baba mkwe akasimama taratibu.

"Nipo, mwalimu. Ila mimi nimeshazeeka, siwezi kuja kila siku. Nimekuja na mwenzangu tugawane zamu." Akamwinamia mjukuu. "Hili jina ni letu sote wawili. Likiitwa shuleni, itika wewe. Nyumbani nitaitika mimi."

Mtoto akafikiri. "Na nikiumwa?"

"Nitakuja mimi."

Mwalimu, akitabasamu, akaita tena.

"Nipo," mtoto akaitika, kwa sauti iliyofika hadi gatini. Mwalimu akatia alama ya vema, na habari ya kubadilisha jina hakuitaja tena.

Adhuhuri nilikuwa napakua wali, nikamwita mtoto. "Baba, njoo ule." Hakuja. Alisimama katikati ya kuku, mikono kiunoni.

"Mama, mimi siitwi Baba. Sema jina langu."

Nikamtazama Bi Mwajabu anisaidie. Akajifanya anapepeta mchele, nao ulikuwa umeshapepetwa. Uani baba mkwe akakohoa.

"Mwite, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Ni lake pia."

Nikalitamka, macho yakiwa kwenye sufuria, kwa sauti ambayo hata paka asingeamka.

"Naam," wakaitika wawili kwa pamoja.

"Haya," Bi Mwajabu akasema. "Waume wawili ndani ya nyumba, na kuni hakuna."