Mwalimu Hakuonekana Akifundisha

Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Redio kwa jinsi alivyopenda kusema, alipelekwa semina ya kubadili nafasi ya mwalimu darasani. Mkufunzi, kijana wa suti ya kubana, aliongea kwa saa nne bila kumeza mate.

"Mwalimu wa kesho haongei," alisema. "Anakaa pembeni, wanafunzi wanagundua wenyewe."

Mtu aliponyoosha mkono, akaambiwa maswali baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Chakula kilikuwa kinapoa.

Redio alirudi amenuna. Miaka ishirini na miwili amefundisha mota ya umeme kwa mchoro uleule ubaoni, leo aambiwe anyamaze! "Nitawanyamazia mpaka wakome," alimwambia mkewe.

Kesho yake akaingia darasani na feni mbovu ya nyumbani kwake, akaitua mezani. "Gundueni," akasema, akaenda kuketi dawati la nyuma, mikono kifuani, akisubiri waumbuke.

Mwanzo zilikuwa kelele tupu. Kisha binti mmoja mpole, aliyekuwa akishika mkia kila mtihani, akaomba bisibisi. Akafungua, akakuta waya umekatika, akaunga. Wenzake wakashikilia kwamba nyaya nyingine wafuate mchoro wa mwalimu uliobaki ubaoni. Wakaufuata. Feni ikazunguka kinyumenyume, ikapuliza ukuta.

"Mwalimu, waya huu uliuchora upande siyo," binti akasema.

Redio akautazama ubao, akaliona kosa lake.

Binti akahamisha waya. Upepo ukaja mbele, madaftari yakaruka, darasa likalipuka kwa shangwe. Hapo ndipo mkufunzi yuleyule alipoingia na mkuu wa shule kukagua.

"Mwalimu yuko wapi?" mkufunzi akauliza.

"Niko pembeni, kama ulivyosema."

"Na andalio la somo?"

"Wanagundua wenyewe."

Mkufunzi akakunja uso, akajaza fomu sifuri juu hadi chini, na mwisho akaandika: *Mwalimu hakuonekana akifundisha.* Mkuu wa shule, ambaye hajawahi kubishana na karatasi, akagonga muhuri. "Jumatatu utarudia semina," akasema.

Redio akatia saini. Walipotoka, akajibana kwenye dawati kando ya yule binti.

"Ulijuaje ni waya ule?"

"Baba ni fundi feni. Namsaidia tangu niko darasa la tatu."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema saa ngapi, mwalimu?"

Darasa likaangua kicheko. Redio naye akacheka, ingawa ilimchoma. "Haya, nionyeshe. Taratibu."

"Chomoa kwanza kwenye umeme," binti akasema. "Na tafadhali usinikatize."