Mkono wa Insaf Ukutani

Wakubwa wana kipaji kimoja: kutoa ruhusa ya vitu visivyo vyao. Mwenye nyumba wetu, hapa kichochoroni Kairo ya zamani, aliwapa watu wa sinema ukuta wa mlango wangu bila kuniuliza, nami nimo ndani napiga pasi nguo za watu. Nilitoka kumwaga maji nikakuta taa, nyaya, na binti mmoja ameshika ndoo ya chokaa.

Ukutani pale kuna mkono wa marehemu mke wangu, Insaf. Siku tuliyohamia tulichinja kondoo, kama watu wote hapa wakipata jambo la heri, naye akachovya kiganja kwenye damu akakipiga ukutani kukinga jicho la hasidi. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, na pale ukutani kimepinda vivyo hivyo. Damu imekuwa rangi ya chai iliyokolea. Picha yake nzuri sina. Ile ya kitambulisho serikali ilimpiga amenuna. Mkono ndio nilio nao.

Mkuu wao, Bwana Murad, mtu aliyelelewa kwenye mitaa ya mageti na maua, alinieleza kwa adabu. Filamu yake ni ya mtangazaji wa televisheni anayeishi kwa kutangaza mauaji ya watu. Siku mauaji yakiadimika, anajipaka damu mikononi, anapiga viganja mlangoni kwa maskini, kisha anarudi mbio na kamera kuutangazia mji kuwa kuna muuaji. Mji unaingiwa na hofu, watu wanaanza kuuana kweli. Nikamwambia hadithi ni nzuri, hata taarifa ya habari ya jana ilikuwa hivyo hivyo, ila chokaa haipiti hapo.

"Haji, hilo ni doa tu, nasi tunataka ukuta safi kwa damu yetu," akasema.

"Doa ni wewe, mwanangu. Huo ni mkono wa mtu."

Akajibu kuwa mwenye nyumba amekwisha kubali, na baada ya adhuhuri ukuta utapakwa, nipende nisipende. Nikaleta kiti nikakaa chini ya ule mkono. Nimewahi kupambana na wakubwa: walichimba shimo la bomba mdomoni mwa kichochoro wakaliacha wazi mpaka leo, na Insaf alipozidiwa, gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo ya shimo kama mgeni asiyejua mlango. Siku ile nilishindwa. Sikuwa na nia ya kushindwa mara ya pili.

Murad, akinisubiri nichoke, akamwambia yule binti wa ndoo ajaribu damu yao ya bandia kwenye ubao wa mlango wangu, waone rangi. Binti akapiga viganja kadhaa. Vilipendeza, lazima niseme.

Mama Safwat wa ghorofa ya juu akachungulia dirishani, akaona viganja vibichi, akapiga kigelegele. Kichochoro kizima kikaitikia. Mara wanawake hao wanashuka, masinia na mabakuli mkononi.

"Hongera, Haji Lutfi," akasema Mama Safwat. "Umenunua gari, au umeoa kimyakimya?"

"Aoe wapi," jirani mmoja akadakia. "Nani atamtaka na ulimi ule."

"Sasa kachinja nini? Na mbona mafungu yetu ya nyama hatujayaona?" Mama Safwat akauliza.

Murad akapaza sauti kuwa hii ni filamu, haya ni mauaji. Nani amsikilize. Mwigizaji wake, Bahgat Sirri, uso unaojulikana mji mzima, akadhani kazi imeanza. Akaruka shimo la wakubwa, kipaza sauti mkononi, kamera nyuma yake, akaanza kwa sauti ya kutisha: watazamaji, damu iliyo mlangoni hapa inasema...

"Inasema nyama iko wapi," Mama Safwat akamkata, akimwekea bakuli chini ya kidevu. Akausogelea mlango, akanusa. "Tena inanukia sharubati. Kondoo gani huyu, mlimlisha peremende?"

Bahgat akamuuliza kama haogopi. Aogope nini, akajibiwa, viganja ni heri, atazame cha Insaf pale. Mama Safwat akaisimulia kamera siku ya kondoo wetu, jinsi Insaf alivyogawa nyama mpaka sisi wenyewe tukabaki na kichwa. Kweli tulibaki na kichwa. Nilikuwa nimesahau. Nikacheka mpaka kiti kikalia.

Murad alikuwa amekaa juu ya sanduku la nyaya, mikono kichwani. Kila Mmisri anavijua viganja vile. Yeye alisahau kwa kutazama sinema za ng'ambo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikajua naye anacheka.

"Kamera ilikuwa inachukua?" akauliza. Ilikuwa inachukua.

Basi filamu ikageuka. Mtangazaji mwongo anakuja na mauaji yake, kichochoro kinamdai nyama, na uongo unaanguka papo hapo. Chokaa ikarudishwa garini, maana bila mkono wa zamani Mama Safwat hana cha kuonyesha. Masinia, lakini, hayakuondoka. Ilibidi Murad aagize kondoo wa kweli, na safari hii nikahakikisha kichwa wanapata wao wa sinema.

Filamu ilipotoka tulikwenda kichochoro kizima. Wakubwa wanaokagua sinema waliacha damu yote, visu na mayowe. Walichokata ni shimo, eti linaaibisha nchi; sasa Bahgat anaruka juu bila sababu, kama mbuzi. Kisha ukaja ukuta, na ule mkono ukajaa pazia zima la sinema, mkubwa kuliko nyumba yetu, kidole kimepinda. Mama Safwat akapiga kigelegele gizani. Mtu mmoja nyuma yetu akatwambia tunyamaze. Nikamwambia hatunyamazi, huyo ni mke wangu.