Mkate Mkavu Upande wa Mashati Meupe

Usijitie hamnazo. Kila mchana unapita mbele ya karakana ya mashati, unaona wanawake wameegemea ukuta wakitafuna mkate mkavu, unageuza shingo kama umeitwa upande wa pili. Hujaitwa na mtu. Leo simama, usikie habari za mmoja wao, yule wanayemwita Kifungo, kwa kuwa kazi yake ni kushona vifungo na mwenyewe ni mfupi wa mviringo.

Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Kliniki, mkunga alimfunua kope, akaguna.

"Damu yako ndogo, mama. Na huyo humo ndani anajenga ubongo sasa hivi. Hajengi kwa hewa! Anataka samaki, mayai, maharage, mboga za majani. Wewe usipokula, yeye ajengee nini?"

Mama mkwe alipoambiwa hayo, alijifunga kibwebwe. Kila alfajiri akawa anampakulia mkwewe samaki na mboga kwenye bakuli lenye mfuniko. Jioni bakuli linarudi limekombwa.

"Umekula, mwanangu?"

"Mpaka nimelamba vidole, mama."

Bibi wa watu anacheka, anampapasa tumbo. "Huyu atakuwa na akili mpaka atushinde kubishana."

Uongo mtupu. Kifungo hakuwa akila. Upande wa mashati meupe hakuna anayegusa mafuta wala mchuzi. Tone likidondokea aproni, limeshafika kwenye kola ya shati analoshona. Na mwenye shati la doa anasimamishwa kazi wiki nzima. Bomba la kunawia mikono liko ng'ambo ya uwanja, na foleni yake haimaliziki kabla ya kengele. Basi washonaji wenyewe wakajizoesha mkate mkavu, wakawafundisha na wageni, kana kwamba ni ustadi. Samaki wa mama mkwe akawa analiwa na jirani wa upande wa sare za bluu, ambako doa halionekani.

Siri ilitoboka sokoni.

"Shikamoo, mama! Yule samaki wako wa jana, ah, una mikono wewe!"

"Marahaba. Samaki wangu umemlia wapi?"

Mshonaji wa bluu akakumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Jioni Kifungo alikuta anasubiriwa mlangoni. Alijua leo ni leo. Lakini mama mkwe alimvuta tu akae karibu naye.

"Unaogopa doa kuliko njaa ya mtoto?"

"Naogopa vyote, mama." Machozi yakamtoka. "Nikisimamishwa, tutakula nini? Na nisipokula, nawaza mtoto akija kushindwa darasani, ni mkate wangu huo."

"Koma! Usijitwishe mzigo wa wengine. Mkate huo ni wa yule aliyeweka bomba mbali na mikono yenu. Nenda kalale. Kesho nakuja."

Akaja kweli. Kengele ya mchana ililia, naye huyo, na bakuli, chupa ya maji, sabuni na taulo. Akamfunga Kifungo taulo shingoni, akanawa, akaanza kumtoa samaki miiba.

"Mikono nyuma. Fumbua mdomo."

"Mama, watu wanatuangalia!"

"Wajionee. Mumeo nilimlisha hivi hivi, tena yeye alikuwa anatema."

Ukuta mzima ukaangua kicheko. Kifungo akafumbua mdomo. Samaki, mboga, yai. Akasahau hata kuona haya. Mjamzito mwingine akasogea. "Na mimi je, mama?"

"Kaa. Ukining'ata nakuzaba."

Msimamizi akaja mbio. "Bibi, hapa si chekechea!"

"Mwanangu, chekechea inaanzia hapa hapa. Tazama matumbo haya. Wanafunzi wamefika, wamenyimwa chakula tu."

Msimamizi alikagua aproni moja moja akitafuta doa. Hakuliona. Akaondoka akinung'unika, na Kifungo akamezeshwa tonge la mwisho.

Lakini mama mkwe mmoja ana mikono miwili tu, na magoti yake ni mabovu. Basi wewe, inuka. Kama una karakana, vuta bomba mpaka mlangoni leo, weka sabuni, ongeza muda wa kula, futa adhabu ya doa. Kama huna, nenda getini mchana huu huu, uulize kwa sauti kwa nini wajawazito wanashinda na mkate mkavu. Na usibanduke hapo mpaka ujibiwe.