Sahani ya Bi Lavinia

Jumamosi ya mwisho ya Mei wanawake wa kanisa la Mount Nebo hupika wali mwekundu mapema, upate kupoa, kwa sababu marehemu hawapendi chakula cha moto. Verdell Mazyck alikuwa amekwisha kusugua makaburi ya ukoo wake kwa brashi na maji ya chumvi. Alikuwa amerudisha makombe ya pwani mahali pake, na sasa alikuwa anapanga sahani kwenye meza ndefu kando ya uzio. Sahani nzima za walio hai, sahani zenye ufa za marehemu. Sahani yenye ufa humwita mwenyewe. Hapa Pinckley, pwani ya kusini mwa Marekani, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua hilo, na ndiyo maana lililotokea baadaye linaniuma mpaka leo.

Jua liliposhuka nyuma ya mashamba ya zamani ya mpunga, marehemu walikuja kama kawaida, wakavuta viti. Dorcas, mama yake Verdell, alikuja na shingo yake ndefu akachungulia sufuria.

"Nani kapika huu wali? Kaa mliotia humu mmewahesabu au vipi?"

"Kula, Mama," Verdell akasema.

Baada yake akaja Bibi Binah, nyanya yake Dorcas, amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, akasimama nyuma ya viti vya watu akitabasamu. Verdell alimtazama, akakaza meno. Bibi Binah hakuwahi kuwa na aproni ya namna ile, na akiwa na akili zake asingesimama hata dakika moja watu wakila.

Bibi Binah alizaliwa mtumwa Harrowby, kwenye shamba la kina Trescott. Asubuhi moja, kabla ya staftahi, bwana wake aliwauza watoto wake watatu, wasichana wawili na mvulana mdogo, akamwachia mmoja tu, mzazi wa Dorcas. Mama huyo hakuwaona tena akiwa hai. Lakini sisi tuna desturi yetu. Mtoto aliyeuzwa akitajwa jina na mama yake mezani hapa, tunamchongea jiwe, na mwaka unaofuata anakuja kutoka popote alipozikwa. Bibi Binah, naye amekwisha kufa, alianza na Affy. Jiwe likachongwa, na Affy akaja kutoka Alabama miguu imejaa vumbi jekundu, akakaa ubavuni kwa mama yake akala bila kusema neno. Akafuata Juno, naye akaja. Mvulana akabaki. Bibi alisema huyo atamtaja mwakani, kwa sababu ndiye kitinda mimba na koo lilikuwa bado linamuuma.

Jiwe la mvulana likaletwa, likasimamishwa tupu, bila jina, katikati ya dada zake. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufika. Kila karamu tulimsikia akizunguka nje ya uzio, na asubuhi tulikuta nyayo kwenye mchanga. Ni ndogo. Hakuishi sana huko alikopelekwa. Na bila jina hawezi kuvuka lango.

Mwaka huo huo, kabla Bibi hajamtaja, ndipo kikatoka kitabu.

Aliyekiandika ni Lavinia Trescott, mjukuu wa bwana yule yule. Mama yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mtoto alilelewa jikoni, na jikoni alikuwako Dorcas. Alipokua akawa mwandishi wa riwaya za kihistoria, kumi na moja kwa jumla, na watu wakasema hakuna Mmarekani anayeijua jana kama yeye. Alijua koti la kila kapteni lilikuwa na vifungo vingapi. Aliwahi kukaa maktaba kipupwe kizima akitafuta rangi ya utepe mmoja. Riwaya iliyomtajirisha ni *Vijiko vya Harrowby*. Humo, askari wa Kaskazini wanapokuja katika vita vilivyokomesha utumwa, mtumwa mwaminifu anayeitwa Yaya Binah anaficha vijiko vya fedha vya bwana wake, anapigwa, hasemi, na anakufa mikononi mwa bwana mdogo akimwambia: "Usilie, bwana mdogo. Yaya hana pengine pa kwenda."

Hebu tuelewane. Bibi Binah ndiye aliyewapeleka askari kisimani vilikozamishwa vijiko. Akatia moto kinu cha mpunga kwa mkono wake, akaondoka anakula pichi. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na vijiko viwili vya Harrowby vilikuwa chini ya mto wake.

Kitabu kilisomwa nchi nzima, na marehemu akisomwa na watu wengi kiasi hicho anazidiwa na yule wa kitabuni. Karamu iliyofuata, ndiyo hii niliyoanza nayo, Bibi Binah alikuja na ile aproni. Verdell alipomuuliza, "Bibi, mvulana anaitwa nani?" alimpangusa mashavu kwa ncha ya aproni akasema, "Usilie, bwana mdogo. Yaya hana pengine pa kwenda." Hakuna aliyeshangaa. Tulikasirika, na kukasirika ni kitu kingine kabisa.

"Wewe unalijua jina lake, Mama," Verdell akamgeukia Dorcas. "Bibi alikulea. Kwa nini hukuniambia ulipokuwa hai?"

"Lilikuwa la kutajwa na yeye, mwanangu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi litaje sasa."

Dorcas akafungua mdomo, na mdomo ukajaa wali. Hiyo ndiyo sheria ya marehemu, hawatamki jina la mtoto asiye wao. Akautafuna, akaumeza, akajifuta.

"Yuko mmoja aliye hai niliyemwambia," akasema kwa sauti ndogo. "Lavinia. Aligoma kulala usiku mmoja, ana miaka sita, anataka hadithi tu. Nikasema, huyu mtoto wa kizungu, kesho atakuwa amesahau."

Alisahau kweli, lakini baada ya kuiuza hadithi.

Jumatatu Verdell alivaa gauni lake la kufundishia akaenda Harrowby. Mtumishi alimpitisha mlango wa nyuma, kama ilivyokuwa ada yao, mpaka kwenye baraza ambako Bi Lavinia alikuwa anakunywa chai. Kiti kilikuwa kimoja.

"Verdell! Mtoto wa Dorcas! Umenenepa, afadhali. Dorcas hajambo huko aliko?"

"Analalamika kaa ni wachache walini."

"Ndivyo alivyo. Chukua keki, kipenzi, ni ya limau."

"Nimekuja kuchukua jina, Bi Lavinia. La mtoto wa mwisho wa Bibi Binah. Mama anasema alikuambia."

Bi Lavinia akaweka kikombe, akafikiri kwa unyofu. Nitampa haki yake, hakudanganya.

"Aliniambia. Lilikuwa jina fupi, la kwenu huko, kama mtu anayekohoa. Nilipofika ile sura nikaona halisomeki. Msomaji wa Boston angejikwaa. Nikamwita Sukari. Loo, watu wanavyompenda Sukari! Ile sehemu anayoondoka na bwana mpya huku akicheka, wananiambia wamelia."

"Na lile lenyewe?"

"Limetoka. Kichwa cha mwandishi ni kabati, ukiingiza gauni jipya lazima utoe la zamani."

"Halikuwa gauni lako."

"Usiwe mkali, Verdell."

"Bi Lavinia, una vifungo vya makapteni wote humo kichwani. Jina moja la mtoto ndilo lililokosa nafasi?"

"Vifungo vipo maktaba, kipenzi. Nikisahau narudi kutazama."

Verdell alishika nguzo ya baraza. "Basi yafute yale maneno. Chapa upya. Mwachie bibi yangu kinywa chake."

"Lakini ile ni hadithi tu. Nani anayedhani ni kweli?"

"Bibi anaisema mezani kwetu. Hasemi kingine."

Bi Lavinia akainama mbele, macho yamemng'aa. "Anaisema vizuri?"

Verdell aliondoka bila kuaga. Alitembea njia nzima akitukana kwa sauti, yeye mwalimu wa shule ya Jumapili, na waliompisha barabarani walivua kofia.

Ziara ile ilimgusa sana Bi Lavinia. Akaandika riwaya ya pili juu ya Yaya Binah, akaitabaruku kwa "wale waliotupenda". Humo Yaya anaimba. Mwaka ule Bibi yetu alizunguka meza tangu machweo mpaka giza akiimba kuhusu mikate ya bwana wake, na Affy na Juno wakaziba masikio. Nje ya uzio nyayo zilisimama kusikiliza, kisha zikaendelea. Verdell akarudi Harrowby mwaka hadi mwaka, na kila mara akaambiwa Bi Lavinia anaandika, asisumbuliwe.

Kisha Bi Lavinia akafa. Alizikwa mjini kwa maua mengi na hotuba, Harrowby ikageuzwa makumbusho, na wageni wakawa wanauziwa sahani zenye sura yake katikati na picha za vijiko ukingoni. Makumbusho yakatuletea Mount Nebo kasha zima la sahani hizo, kwa ajili ya urafiki. Shemasi Ezra Gadsden alilisukumia stoo, na njiani sahani moja ikapata ufa.

Mei ile familia moja ilirudi kutoka New York na marehemu wao wote, na sahani zenye ufa zikapungua. Shemasi Ezra, ambaye angeweza kwenda nyumbani kwake hatua chache akachukua bakuli lenye ufa la kulishia kuku, aliingia stoo akatoka na ile.

Marehemu walipoketi, Bi Lavinia naye alikuja, amevaa glavu. Akatazama huku na huku, akaiona sura yake kwenye sahani, akakaa.

"Shemasi," Verdell akasema, "una akili au una kofia tu?"

"Sahani ni sahani, Dada Verdell..."

"Ala! Sahani ni sahani! Sura yake si hiyo hapo? Hukuiona?"

"Nilidhani ni ya mapambo," Shemasi akasema, na sitaki kuongeza lolote juu ya Shemasi Ezra.

Aliyeitwa kwa sahani hafukuzwi. Kwa hiyo Verdell akavuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. Sheria ya wali hakutaka kuikumbuka, kwa sababu jambo moja tunalijua sote: marehemu hawasahau kitu.

"Sasa umekufa, Lavinia," akasema. Hilo "Bi" aliliacha. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka yote," akajibu mwandishi, na machozi yakaanza kumtoka. "Limerudi siku ile ile ya mazishi. Verdell, si jina baya. Nilikosea, halifanani na kukohoa hata kidogo. Ni jina zuri mno."

"Liseme."

Affy na Juno wakashikana mikono. Nje, nyayo zikakimbia kutoka nyuma ya kanisa, zikafika langoni, zikasimama.

Bi Lavinia akafungua mdomo, na mdomo ukajaa wali. Akajaribu tena, wali ukafurika ukamwagikia kwenye glavu. Akalia kwa sauti, mdomo umejaa, kama mtoto aliyelazimishwa kula.

Ndipo Bibi Binah akatoka nyuma ya viti. Akaja na ncha ya aproni, akampangusa mdomo, akampangusa machozi, akamkusanyia wali uliomwagika.

"Usilie, bwana mdogo," akasema. "Yaya hana pengine pa kwenda."

"Bibi, mwache," Verdell akamshika mkono. "Keti ule. Nakuomba, keti ule na watoto wako."

Mkono ulikuwa wa baridi. Nilikuwa upande wa pili wa meza na niliyaona macho ya Bibi Binah. Yalikuwa yake mwenyewe, macho ya siku ile ya kinu cha mpunga. Lakini mdomo ulitabasamu, na mkono mwingine ukachukua kijiko cha kupakulia. Dorcas akapiga meza kwa ngumi mpaka bamia zikaruka.

"Yule mtoto nilimlisha mimi!" akapiga kelele. "Nilimlisha kwa mkono huu!"

Baada ya karamu Verdell aliichukua sahani ile akaipiga kwenye jiwe tupu. Ikavunjika vipande vipande, na hilo nalo lilikuwa kosa, kosa la hasira, maana kila kipande ni ufa. Mwaka uliofuata Bi Lavinia alikuja mapema kuliko wote.

Sasa huja kila Mei. Vitabu vyake bado vinachapwa, watoto wetu wanavisoma shuleni na kuulizwa katika mtihani kwa nini Yaya Binah alimpenda bwana wake. Verdell amezeeka, lakini jiwe tupu analisugua yeye, hamwachii mtu. Jioni hufungua lango mwenyewe na kuliwekea tofali lisijifunge.

Nyayo hufika langoni, husimama, halafu huanza tena kuuzunguka uzio. Mezani Bibi Binah humpakulia Bi Lavinia kwanza, kabla ya Affy na Juno, na sahani yake ikipungua humuongezea.