Pini Mdomoni

…au labda maana yake ni usinisubiri tu, fundi alijisemea moyoni, amepiga goti mbele ya mteja, pini nne midomoni, upindo wa gauni mkononi, maana kusubiri hakuna ubaya, mtu husema msinisubiri, kuleni, nitachelewa, kisha giza likiingia huyo anapiga hodi na mfuko wa machungwa, ila binti yake angetaka kusema hivyo angesema kwa Kiswahili, Kiingereza hukitoa pale tu asipotaka kuulizwa swali la pili, kama alivyofanya alipohama, na leo tena kwenye ujumbe, baba, donti ekspekti mi, basi, hata salamu hakuna, simu ikazima taa yake pale kando ya cherehani… "Acha nafasi ya kutosha, fundi," mteja akasema huko juu, "bado miezi mitatu, hili tumbo halijamaliza vituko vyake," naye akaitikia kwa pua, mm, raha ya pini ndiyo hiyo, hakuna anayekudai jibu… hata huyu mteja naye ni ekspekti hiyohiyo, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza anajua hivyo, mwenye mimba naye anatarajia, na mkewe alipokuwa na mimba ya huyu huyu binti yeye fundi alilipanua gauni lake moja mara tatu, akimtania kwamba atamaliza vitambaa vya duka zima, wakicheka mpaka majirani wanagonga ukuta, walimtarajia mtoto wao, jamani, walimtarajia kweli, na sasa ndiye wa kuandika usinitarajie, mtoto gani mwenye moyo wa jiwe namna hiyo, na mama yake mgonjwa, daktari keshasema mrudisheni tu nyumbani, na kila mtu akaelewa, hana analotaka duniani ila kumwona… "Baba yake!" Sauti ya mkewe hiyo, nyembamba, kutoka nyuma ya pazia linalogawa duka na chumba. "Nimesikia simu. Amesemaje? Anakuja?" Mm, akasema fundi, pini zikamchoma ulimi, na mteja akanong'ona, "Anaumwa mama? Pole jamani," kisha, "samahani fundi, nakuegemea kidogo, miguu imekufa ganzi," akamwekea mkono begani, na uzito wa watu wawili ukamshukia, goti likalia kwenye saruji, akataka kumwambia usiniegemee, dada, nitaanguka, na hapo hapo neno likageuka kichwani mwake kama nguo iliyokuwa imevaliwa ndani nje, usinitegemee, si kwamba sitakuja, baba, ila usinitegemee, nimeelemewa… maana nani alikuwa akimwosha mama tangu ugonjwa ulipoanza, mtoto na sare yake ya shule, beseni kiunoni, nani aliyekuwa akifua mashuka kabla ya kwenda darasani, naye fundi kazi yake kukanyaga pedeli, akanyage kwa nguvu cherehani ipige kelele asisikie kilio cha nyuma ya pazia, wateja wakimsifu, huyu mzee mchapakazi, kumbe anajificha, na safari ya mwisho binti alipokuja alimuuliza waziwazi, "Baba, wewe humwoshi mama hata siku moja?" naye akamjibu, "Wewe ndiye unayemjulia," akakanyaga pedeli, na tangu binti aondoke ni jirani anayekuja asubuhi kumwosha, na yeye chai anaiacha tu pale pazia linapoanzia, kama mtu anayemwekea paka chakula, aibu gani hii, anaogopa ule mwili, hilo ndilo, anaogopa kuona ulivyokwisha… Akachomeka pini ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, upindo ukakaa sawa. "Baba yake, si nakuuliza wewe? Mtoto amesemaje?" Jibu alikuwa nalo sasa, wala halikuwamo kwenye simu, amechoka, mama yake, atasema hivyo tu, mtoto amechoka, tumwache apumzike, na akishasema itabidi asimame, achemshe maji, avuke lile pazia na beseni mikononi mwake mwenyewe, wala hajui aanzie wapi, usoni au miguuni, itabidi amuulize mkewe… "Bado kidogo, fundi?" mteja akauliza, mkono ungali begani pake, naye akaitikia kwa pua, mm, macho yamejaa machozi, pini ya mwisho bado iko mdomoni.