William Yupi Aliyetoroka

Heulwen alikuwa na miaka themanini na mbili, na karibu yote aliishi akiitwa binti wa mtoro wa jeshi. Baba yake, William Williams, mpasua mawe wa machimboni, alirudi kutoka Italia, Vita vya Pili vya Dunia, akiwa hasemi na mtu. Muda si muda karani mmoja wa jeshi, mwenyeji wa kijiji hicho hicho cha Wales, akanong'ona kwamba ameona kwenye kitabu cha makosa ya askari: William Williams, mtoro, jela siku mia moja na kumi na mbili. Basi, bonde zima likajua. Mzee akafa bila kujitetea na mama, Annie, akafa na aibu yake.

Sasa kanisa lilikuwa linachonga jiwe la majina ya waliopigana, na mwisho wa kupeleka jina ulikuwa Jumapili. Heulwen hakutaka kulidanganya jiwe. Akamtuma mjukuu wake, Mererid, akapekue kumbukumbu za jeshi.

Ijumaa mchana Mererid akaingia jikoni na bahasha, mwenyewe kalowa mvua chapachapa.

"Bibi, nisamehe. Yupo. Jina lile lile, kikosi kile kile."

Heulwen akavuta kiti. "Soma yote. Usinifiche hata nukta."

"Williams, William. Nambari yake ya jeshi inaishia na arobaini na nne. Alikamatwa Napoli..."

"Ngoja kwanza! Arobaini na ngapi?"

"Na nne."

"Wee! Baba alikuwa Themanini na Moja! Wenzake wa vitani wakija hapa walikuwa wanapiga kelele mlangoni, 'Themanini na Moja, umeamka?' Kikosi kizima ni Williams na Jones, sajini angeita nani, aitike nani? Walikuwa wanaitwa kwa tarakimu mbili za mwisho."

Mererid akamwaga karatasi zote mezani. "Huyu hapa! Nilimweka kando bila kumsoma, nikidhani si wetu. Themanini na moja. Mke, Annie, wa shamba letu la Tan-y-graig. Alijeruhiwa kifuani, miezi minne hospitalini. Hana kosa hata moja, Bibi. Hata la kuchelewa!"

Heulwen akacheka, akalia, kisha akawaka. Wapumbavu wakubwa! Kijijini kulikuwa na William Williams watano, na hakuna aliyemtaja mmoja bila kutaja na shamba lake. Lakini karatasi ya jeshi iliposema William Williams kavukavu, hakuna aliyeuliza ni yupi. Hata mama hakuuliza. Hata yeye.

"Na huyu wa arobaini na nne?" Mererid akauliza. "Aliacha binti. Anuani ya kwao ipo."

"Usinisomee." Heulwen akaisukuma ile karatasi mbali. "Mtoto wa watu, yamemtosha."

Kisha akampigia simu katibu wa kanisa.

"Emrys? Mwandike William Williams, Tan-y-graig," akasema, na kwa mara ya kwanza hakushusha sauti. "Ni baba yangu."