Upepo wa Tangi la Mbele

Kaka yake alifia ndani ya lori, likiwa limeegeshwa salama uwanjani kwa tajiri wake, mguu wake ungali juu ya breki. Moyo ulisimama tu. Baada ya maziko, tajiri alimkabidhi dada mtu usukani. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na madereva wengine wote walikuwa wameshalikataa lori lile.

Asubuhi ya kwanza alikuwa akikagua matairi, mlango wa kabini umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake, aliposikia pedali ya breki ikikanyagwa na kuachiwa. Psh. Psh. Kisha pshhh ndefu. Ndivyo kaka yake alivyozoea kuijaribu kabla ya safari. Akafungua mlango haraka. Alipopanda, kiti kilikuwa kitupu.

Akamwita fundi wa breki, waliyembandika jina la Sikio kwa kuwa aliweza kusikia upepo ukivuja hata injini zikinguruma. Sikio akajilaza chini ya lori, akasikiliza weee, akatoka akijipangusa vumbi.

"Hakuna kinachovuja, dada."

"Sijasema kinavuja. Nasema kuna mtu anakanyaga."

Fundi akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akaona bora azungumzie anachokijua.

"Tazama. Kompresa inasukuma upepo, upepo unagawanyika kwenye matangi mawili. Hili ni la breki za nyuma, lile la breki za mbele. Ndiyo maana una mishale miwili kwenye dashibodi. Kila tangi lina vali yake mlangoni: upepo unaingia, haurudi. Bomba la nyuma likipasuka, breki za mbele unabaki nazo. Pedali unaiona moja, lakini breki ni mbili. Endesha bila hofu."

Akaendesha. Sauti haikukoma, kila asubuhi kabini ikiwa tupu. Hakumwambia mtu, asije akaambiwa msiba umempanda kichwani. Mwishowe akawa anakohoa kidogo kabla ya kufungua mlango, kama anayebisha hodi.

Kisha, adhuhuri moja, alikuwa akishuka mteremko mrefu wa kona nyingi, mvua imetoka kunyesha, ukungu umefunga, nyuma amebeba saruji. Kitu kikalipuka chini ya lori. Mshale wa nyuma ukaporomoka, king'ora kikaanza kulia. Akainua mguu kwenda kwenye breki. Kabla haujafika, aliiona pedali ikizama yenyewe, taratibu, kama inavyokanyagwa na dereva asiyetaka mzigo ugutuke.

Matairi ya mbele yakashika. Lori likapunguza mwendo, likajisogeza ukingoni, likasimama. Akavuta breki ya kuegeshea, akabaki ameng'ang'ania usukani, harufu ya breki zilizoungua imejaa kabini. Mshale wa mbele ulikuwa juu vile vile.

Sikio alifika na vifaa vyake. Bomba la nyuma lilikuwa limechanika. Akafungua koki ya tangi la mbele ili alitoe upepo kwanza. Upepo ukatoka, ukatoka, ukaendelea kutoka. Fundi alitazama tangi, akamtazama dereva. Dereva akachuchumaa, akakinga kiganja. Upepo wa tangi siku zote hutoka wa baridi. Huu ulikuwa na joto, na ulikuja kwa vipindi.

Ulipokwisha, Sikio akaing'oa vali ya tangi lile na kuigeuzageuza mkononi.

"Imekwama wazi. Na kutu hii si ya leo."

"Maana yake?"

"Maana yake nilikudanganya bila kujua. Upepo wa mbele ulipaswa kurudi nyuma na kutokea kwenye mpasuko ule ule. Matangi yote yakiwa matupu, springi zinazozuiwa na upepo huo zinabana matairi ya nyuma kwa ghafla. Kwa utelezi huu, na mzigo huu..." Akaelekeza kidevu bondeni.

"Ila tangi lilikuwa limejaa."

"Nimeliona, dada. Usiniulize."

Akafunga vali mpya. Kuanzia kesho yake kabini ilikuwa kimya, na kimya kile kilimliza kuliko maziko.

Siku ya mapumziko alikwenda kwa wifi yake, mjane wa kaka, akamsimulia yote. Wifi akauliza jambo moja tu.

"Hiyo vali mbovu iko wapi?"

"Fundi ameitupa kwenye vyuma chakavu."

Wifi akavaa viatu. "Twende."

Wakapekua lile rundo la vyuma wawili wao, vidole vimejaa grisi, mpaka wakaipata. Wifi akaifuta kwa upindo wa gauni lake jeupe, akaiweka sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza mtu akipumua. Kisha akatabasamu, akaitia kwenye mkoba.